Bomba Libaki Nje ya Geti

Sogezeni viti, Yotham na wewe Anitha, na mlango uacheni wazi, ili shangazi yenu Tereza, anayefua shuka zangu huko uani, asikie akitaka kusikia. Nina maneno ya nyumba na nina neno jingine, na sijui lipi lianze, maana tangu asubuhi kichwa kinanichanganya. Nimemwita baba yenu mara mbili kabla sijakumbuka kwamba tulimzika.

Nyumba hii ya Makole ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Cherehani achukue Anitha. Mbuzi walioko Chemba... mbuzi nimeshawasema? Basi gawaneni. Lakini bomba, Yotham, nakujua, mkishanizika tu utaita fundi alihamishie ndani ya ukuta. Usilihamishe. Libaki nje ya geti, bila kufuli, na siku maji yakitoka kila mwenye ndoo achote.

Mnadhani ni wema. Mchungaji Cornel aliwahi kunitaja mimbarini, akasema someni Mathayo, pale penye kikombe cha maji ya baridi, kisha mtazameni mama huyu. Nami nikatazama viatu vyangu mpaka ibada ikaisha.

Mwaka aliozaliwa Yotham tulikuwa bado Chemba, kiangazi kimekaza, na maji tulichimba kwenye mchanga wa korongo. Mwanamke anachimba shimo lake mpaka linamfika kiunoni, anakaa humo na kata yake ya kuchotea akingoja maji yajikusanye, na akiondoka anafunika kwa matawi ya miiba ng'ombe wasiingie. Shimo ni la aliyelichimba, lakini mwenye mtoto mgonjwa hanyimwi. Hilo pale halikuhitaji kufundishwa. Mimi niliolewa huko na cheti changu cha kidato cha nne, na wifi yangu Tereza alikuwa akiwachekesha wenzake, "Mpisheni msomi, anangoja maji yaandikwe ubaoni." Siku nilipopata debe zima kwa mikono yangu mwenyewe, akaja yeye, Ruthu wake mgongoni, mtoto anahara tangu jana yake. Akasema, "Wifi, nisaidie kata moja." Nikamwambia shimo limekauka. Miiba nilikuwa nimeshaiweka, na debe lilikuwa nyuma yangu, nimelifunika kwa kanga. Hakubisha. Akashuka na korongo kwenda mashimo ya mbali, jua la saa saba.

Maji yale nilifulia gauni lako la ubatizo, Yotham. Jumapili ulibatizwa nalo, jeupe kabisa. Jumatatu tukamzika Ruthu.

Labda angekufa tu. Zahanati walisema alicheleweshwa nyumbani. Biblia nimeisoma mwanzo hadi mwisho mara tatu, nimewapikia wagonjwa, nimewafulia wazazi wapya, na bado sijui kama bomba lile ni huruma au ni woga. Anayechota, naona, kiu inamtoka vilevile. Sijui kama hilo linatosha.

Na huyu Tereza ndiye simwelewi hasa. Tangu nilipolala kitandani, kila Alhamisi anapanda basi kutoka Chemba kuja kuniogesha, na shimo hajalitaja hata siku moja. Amesamehe? Debe hakuliona? Au aliliona, na ananiogesha ili nijue kwamba aliliona? Mwezi uliopita nilimuuliza kwa nini anajisumbua, akasema, "Geuka huku nikusugue mgongo." Nguo zangu anafua, mwili wangu anaushika, lakini maji ya kunywa akiniletea nasema sina kiu, nangoja Anitha arudi kutoka kazini. Kikombe anakunywa yeye, anakisuuza, anakirudisha mezani.

Sasa sikilizeni, sauti inaniishia. Chumba cha uani ni cha Tereza akikitaka, na akiwa mkali mvumilieni. Siku ya maziko mwambieni Cornel asisome Mathayo, asome zaburi yoyote, fupi, watu wasichomwe na jua. Neno lisomeni, wanangu, kila siku, lakini mkishafunga kitabu nendeni mlangoni mkaangalie nani amesimama hapo na anataka nini. Mimi nilisoma kwanza, nikaangalia baadaye. Hilo nililikosea. Nililikosea au... ngojeni, nilikuwa nasema nini?

Baraka. Mungu awalinde, Yotham na watoto wako, Anitha na huyo utakayemzaa. Awape kumwona mtu kabla hamjafunika debe.

Mbona sisikii tena kufua?

Anitha, keti, jagi liache. Nenda... hapana, Yotham, nenda wewe, ukamwite shangazi yako. Habari ya debe usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikiweza. Mwambie tu mama ana kiu.