Bukira ni Country Gani?

Kwenye kona ya barabara ya Isebania, Migori mjini, mkabala na posho mill, palikuwa na benchi la mbao ambalo makalio ya watu yalikuwa yamelilainisha kuliko randa ya fundi. Hapo Dolphine aliuza kahawa ya tangawizi, na wanywaji walikuwa wale wale: Gordon, aliyebandikwa jina la Waziri kwa kuwa alijibu kila swali hata ambalo hakuulizwa, na Osoro muuza magazeti, aliyeitwa Habari kwa kuwa alisoma magazeti yote kwanza ndipo akayauza. Ulikuwa mwaka wa kubadilisha vitambulisho, vya zamani vikirudishwa na vipya vikitolewa. Mchana huo Caleb Magige, turnboy wa malori, alikuja akihema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Hakuketi.

— Kahawa? Dolphine akamuuliza.

— Weka. Ama wacha. Weka tu.

— Umepata ID? Osoro akauliza.

— Nimepata aibu.

Wote walijua haraka yake. Baada ya miaka ya kufunga turubai na kulala juu ya magunia, Caleb alikuwa ameahidiwa usukani wa lori la tumbaku. Lori lingeondoka kesho yake kwenda Nairobi, na mwenye lori alisema wazi kwamba dereva asiye na kitambulisho kipya hataligusa, maana polisi wamejaa barabarani.

— Karani ameniuliza, “Mama yako ni wa country gani?” Nikamwambia Bukira. Akacheka mpaka akavua miwani. “Hiyo ni countryside, kijana. Mimi nimekuuliza country.” Foleni yote ikacheka.

— Ungesema Kenya tu, omera, Waziri akamwambia.

— Bukira iko Kenya. Na iko Tanzania. Baba alijenga huku, na wajomba wamejenga ng'ambo. Baba alipokufa, mama akarudi kwa ndugu zake. Ukisimama mlangoni kwake unaona mabati ya shule niliyosoma. Sisi Wakuria tunaita ikiaro. Ikiaro ni nchi, na ni huko mashambani kwetu. Neno ni moja tu. Sasa huyu ameligawa mara mbili na anataka nichague kipande.

— Kwani alisemaje mwishowe? Osoro akauliza.

— Nirudi kabla hawajafunga, nikiwa na jibu moja. Kama mama ni wa nje, kesi yangu inapelekwa mbele, mambo ya miezi.

Caleb alichukua kikombe, akakirudisha bila kuonja. Alienda mpaka ukutani mwa posho mill, akageuka, akarudi.

Waziri alisafisha koo.

— Hii kitu ni rahisi sana. Country ni pahali iko na bendera. Countryside ni pahali iko na ng'ombe.

— Kwa chifu wetu kuna bendera, na ng'ombe zake zinalala chini ya hiyo bendera, Osoro akasema. Hapo ni wapi?

— Hapo ni... Hapo ni lokesheni.

— Waziri, wacha nikufunze Kizungu. Side ni nini? Ni upande. Roadside ni kando ya barabara. Countryside ni kando ya nchi. Mpakani!

— Yawa! Kwa hivyo watu wa Nyeri hawana countryside?

— Wataitoa wapi? Wamezungukwa na Kenya kila upande. Countryside ni yetu sisi: Migori, Busia, Moyale.

— Na Muhuru Bay? Huko nchi inaishia ndani ya maji.

— Basi samaki ndio watu wa countryside!

Dolphine alicheka akashika ubavu. Waziri hakukubali kushindwa.

— Sasa sikiliza. Mbuta inazaliwa Tanzania, inaingia wavu wa Sindo huku Kenya, inaliwa Ulaya na kachumbari. Kuna mtu ameiuliza mama yake ni wa country gani? Wazungu walipima hii mpaka na kamba. Walipofika Bukira kamba ikawaishia, wakafunga na uzi wa kushona. Ndio maana inakatika-katika!

— Hiyo umeitoa gazeti gani?

— Haijaandikwa bado.

Caleb hakucheka. Aliwatazama kama mtu anayetazama wengine wakila naye ana jino bovu. Akilini alikuwa anamwona karani mezani, na lori likiwashwa, na kijana mwingine akipanda upande wa dereva.

— Nyinyi mnacheza, alisema. Mimi saa inaniishia.

Hapo Waziri akamvuta mkono, akateremsha sauti. Ucheshi ulikuwa umemtoka usoni. Kweli alitaka kumsaidia.

— Sema amekufa.

— Nani?

— Mama. Sema ni marehemu. Marehemu haulizwi country. Unapigwa picha, unaweka vidole, kesho uko kwa usukani. Nani ataenda huko ng'ambo kuangalia?

Osoro alikunja gazeti, akalikunjua.

— Ni maneno tu, Magige, alisema polepole. Hayamuui mtu.

Midomo ya Caleb ikaanza kulijaribu lile neno, bila sauti. Mama yangu ni marehemu. Mara ya pili lilitoka laini zaidi, na huo ulaini ndio uliomtisha.

Muda huo wote mama mmoja alikuwa amesimama kando akinywa kahawa, karai la dagaa wa omena miguuni pake. Alikuwa ametoka Muhuru asubuhi, na hakuna pale aliyemfahamu. Alimrudishia Dolphine kikombe, akamgeukia Caleb.

— Nyathina, mwanangu, samahani nikiingilia. Siku mama yako akikuja hapa kukuona, utaambia hawa watu ni nani?

Caleb alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Osoro. Osoro alitazama gazeti lake, na kwa mara ya kwanza hakupata cha kusoma.

Yule mama hakungoja. Alimwomba Dolphine amtwike karai, akashika njia ya soko.

Caleb akaondoka mbio, hata buriani hakusema. Pale benchini walibaki wakipulizia kahawa iliyokuwa imepoa zamani. Waziri alianza sentensi tatu, hakumaliza hata moja. Jua lilikuwa limeinama nyuma ya posho mill walipomwona Caleb akirudi, akitembea pole pole sasa.

— Umesemaje? Osoro akamuuliza.

— Nimesema yuko hai.

— Country?

— Tanzania. Nikasema mimi ni Mkenya, mama yangu analala Tanzania, na nikimwita kutoka boma la baba anasikia.

— Na karani?

— Safari hii hakucheka. Ameandika. Ameniambia nirudi na barua ya chifu, halafu ningoje.

— Lori je?

— Nimepita kwa mwenye lori. Amechukua mtu mwingine.

Dolphine alimimina kilichobaki katika sufuria, nusu kikombe chenye masimbi ya kahawa, akamsogezea. Caleb alikinywa chote, hata masimbi.

— Magige, Waziri akaanza, kisha akasita. Hakuwa amezoea kuuliza. Kazi yake ilikuwa kujibu.

— Mama yako anaitwa nani? akauliza mwishowe.

— Robi, Caleb akasema. Anaitwa Robi.