Mama Mkwe Akisema, Torbjørg Hupanda

Kapteni Torbjørg Hellevik anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na moja ya kurusha ndege zetu ndogo kati ya mji wa Bodø na visiwani. Amelea marubani wasaidizi wengi, amemaliza kahawa yetu, na hajawahi kuisifu hali ya hewa hata mara moja.

Wageni kazini huuliza kwa nini chombo cha kuonya kuhusu ardhi tunakiita Mama Mkwe. Kinatuma mawimbi ya redio chini ya tumbo la ndege na kupima yanavyorudi. Ardhi ikisogea karibu kwa kasi, kinapaza sauti. Zamani, kila tulipovuka mlima Gråhetta kwenda kutua kisiwani Skarvøy, kililalamika hata kama tuko salama kabisa. Marubani wakazoea. Walikizima kwa kidole huku wakiendelea na soga zao.

Februari moja tulikuwa tunashuka Skarvøy katikati ya theluji, madirisha meupe pande zote. Nilikuwa mhudumu mpya, nimejifunga mkanda nyuma ya marubani, na enzi hizo mlango wao uliachwa wazi. Abiria walikuwa tisa, mmoja amepakata keki ya harusi. Mama Mkwe akaanza: ardhi, ardhi, panda. Sigve Lunde, rubani msaidizi, akanyoosha mkono kumzima.

"Si Mama Mkwe tu huyo? Hapa ndipo pake kila siku."

"Mwache aseme," alisema Kapteni Torbjørg. "Sisi tunapanda."

Injini zikanguruma, pua ikainuka, keki ikahamia kwenye koti la mwenyewe. Niliogopa vibaya sana. Sigve alinung'unika kwamba kule chini watatucheka mpaka Pasaka. Kisha wingu likapasuka kidogo, na Gråhetta ikapita chini ya bawa, karibu kiasi cha kuona mawe.

Walipokagua, mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka tangu asubuhi, lakini mshale wa kimo, ambao hukadiria urefu kwa mgandamizo huo, ulikuwa bado umepangwa kwa hewa ya asubuhi. Ulituonyesha tuko juu, kumbe tuko chini. Mama Mkwe hajali hewa. Anapima ardhi yenyewe. Tungemzima, nisingekuwa hapa naandika.

Torbjørg hakumgombeza Sigve. Alisema mkono wake mwenyewe ulikuwa njiani kwenda kwenye swichi ileile, na hilo ndilo lililomtisha kuliko mlima. Akaanza kudai kanuni: king'ora kikilia, panda kwanza, ubishi utafanyika juu. Walimwita mwoga. Leo ni kanuni yetu sote, na chombo kipya kina ramani ya milima ndani yake, kinaona mbele, kinalalamika mara chache.

Jumanne iliyopita alirusha safari yake ya mwisho, Skarvøy hiyohiyo. Jua kali, Gråhetta inaonekana wazi, zimamoto wamejipanga na mipira ya maji kumlaki, keki ya malai imeshakatwa. Mama Mkwe akasema. Kando ya Torbjørg alikaa Sigve, kapteni mwenye mvi sasa, aliyeomba zamu hiyo.

"Tunapanda," alisema Sigve, kabla Torbjørg hajafungua mdomo.

Walichelewa kutua, malai ikayeyuka. Torbjørg alishuka ngazi macho yamelowa, akatazama juu, akasema hali ya hewa ni nzuri.

Asante, Torbjørg. Kahawa sasa itatutosha. Tunakuombea siku njema nyingi, na ardhi ibaki chini ya miguu yako tu.

Gunnvor Aasheim, mhudumu wa ndege