Siku Walipogombania Maiti ya Mume Wangu

Wenzangu wa chama cha kuzikana, mliotoka msikitini na mliotoka kanisani, hamjambo? Mimi leo sijambo. Kiangazi kilichopita mngeniuliza hivyo ningewafukuza.

Mume wangu, yule wa kazi ya reli, mlimjua. Jumapili alikaa nami kanisani, Ijumaa akaenda msikitini na wenzake wa kazini. Nikimuuliza wewe ni wa wapi, anasema, "Mungu ananijua." Haya, Mungu anakujua, na sisi je? Akaugua, akafa alfajiri bila kusema.

Akaja katekista: huyu alibatizwa, ni wetu. Akaja mwalimu wa madrasa: huyu alisilimu, ni wetu. Shemeji yangu, aliyekuja kumuuguza, naye: arudi kwao Usinge kwa mizimu ya baba zake. Ndugu zangu, nawaambia, walibishana uani kwangu huku chai yangu wanakunywa. Nikakimbilia bomani kwa Mwingereza, mkuu wa wilaya. Karani akanijibu, "Serikali haina dini, mama, lakini makaburi yanayo. Chagueni." Nikarudi nimefura. Jua kali, mume wangu yuko ndani hajaoshwa, na mimi hata kumlilia siwezi kwa hasira.

Ndipo akaja mtani wetu, mama wa Kizaramo anayeuza vitumbua stesheni. Mnajua mambo ya watani msibani, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani: hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake ya reli, anachechemea vilevile kama alivyochechemea yeye.

"Ijumaa nilifuata pilau," akamwambia mwalimu. "Jumapili nilisinzia," akamwambia katekista. Akamgeukia shemeji: "Na wewe, Usinge nilikimbia mbung'o, unanirudisha? Nitaanza kunuka. Muulizeni mke wangu."

Watu wakaangua kicheko, shemeji naye. Kisha wakanitazama. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikasema azikwe kwa Waislamu, makaburi yao ni karibu, nitafika kwa miguu yangu hii mibovu. Katekista akachukua jembe akaenda kusaidia kuchimba.

Nikamwangalia yule mama ndani ya lile koti, ikawa kama mume wangu amesimama uani. Hapo ndipo nikalia.

Ahsante, mtani, naona umeinama unajifanya husikii. Ahsanteni mliopika na mliolala kwangu. Leo mkirudi nyumbani waulizeni waume zenu wanataka kuzikwa wapi, na nyinyi semeni mnakotaka. Mimi nimeshasema: nataka ubavuni mwake. Katekista na mwalimu wameshaanza kubishana.