Dada Yetu Matumba, Mkemia wa Machipukizi

Waombolezaji wenzetu, kazi hii dada alinikabidhi mwenyewe, mimi mdogo wake, akiwa bado na sauti. Alisema, "Usinipambe. Soma yaliyotokea, halafu ukae." Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968, kifungua mimba wa mama yetu, fundi cherehani, na marehemu baba yetu, mpiga chapa. Tangu utotoni alikuwa akionja kila kitu: majani, magome, utomvu. Mama alimchapa weee, hakukoma.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1992 alihitimu shahada ya kemia.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika maabara ya mimea dawa, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha linalotazama mti mmoja mkubwa. Kazi yake ilikuwa matumba, yaani machipukizi ya miti kabla hayajafunguka kuwa majani. Humo, alisema, mti huweka kemikali zake kali kuliko zote. Aliyaloweka katika spiriti, akachuja, akazitenganisha kemikali moja moja, kisha akazidondoshea seli za saratani zilizooteshwa kwenye visahani. Nyingi zilikufa. Gazeti likaandika kwamba dawa imepatikana, naye alinuna wiki nzima. "Kwenye kisahani hata sabuni inaua saratani," alisema. "Kazi ni kuua saratani ukambakiza mtu." Jina la Matumba lilianzia hapo. Kwenye kila tawi alichuma tumba moja tu, wala si la nchani, maana tawi lililokatwa ncha halirefuki.

Mwaka 1997 friji la maabara liliharibika. Fundi aliyeitwa alilitengeneza, akalisafisha kupita kiasi, na akatupa matumba yote ya msimu ule akidhani ni mboga zilizooza. Kesho yake alirudi amebeba ngazi. "Nionyeshe mti, dada. Nilichokitupa nitakichuma." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa binti mmoja. Mpaka leo shemeji hatoi kitu kwenye friji bila kuuliza.

Februari mwaka huu alianza kuumwa tumbo. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, tena imeshasambaa. Mtaani wakasema mganga hajigangi. Hakuwa mganga, na maneno yale yalituuma. Alitibiwa hospitalini hadi madaktari walipokiri kwamba matibabu hayasaidii tena. Tulimsihi anywe dawa yake, akakataa, kwa kuwa kwenye visahani vyake aliona ikiua na seli nzima za ini. Wakati huohuo watu walikuwa wakiuvamia ule mti wa dirishani kuchuma matumba. Jirani yetu mmoja aliyekuwa na uvimbe wa titi aliacha kliniki, akawa anakunywa matumba ya kuchemsha. Tulimzika Julai. Dada alimlilia kuliko alivyojililia mwenyewe.

Septemba Mama, ambaye ameniruhusu niseme haya, alimpelekea kikombe kitandani. Dada alinusa, akajua.

"Mama, hii haitaniponya."

"Najua, mwanangu. Sasa nikae tu nikikutazama?"

Alikipokea, akanywa chote, akamrudishia Mama kikombe kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia. "Siku ya kunizika uwaambie nilikunywa. Wasije wakasema nimekufa kwa ubishi."

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024. Basi nawaambia: alikunywa, na tuko hapa kaburini kwake. Mwenye mgonjwa aliyeacha kliniki, kesho amrudishe.

Ameacha mama, mume, binti, wadogo zake wawili, na ule mti wa dirishani, ambao watu wameunyonyoa hadi ncha na msimu huu haukuchipua.

Apumzike kwa amani, na mti wake tuuache nao upumzike.