Mama Ombwe na Tabaka la Atomi Moja

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi wa kupaka bati masufuria ya shaba. Siku moja, akimtazama baba yake akipangusa bati la moto kwa kitambaa, aliuliza bati laweza kuwa jembamba kiasi gani na bado likawa bati. Fundi alikuna kichwa, akamwambia akaulize shuleni.

Akauliza. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, sekondari mwaka 1971, na shahada ya kwanza ya fizikia mwaka 1975. Walimu walisema aliendelea kuuliza hata mtihani ulipokwisha.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika maabara ya chuo kikuu, chumba cha mwisho kwenye ujia wa chini, penye chungu kikubwa cha chuma kilichonyonywa hewa yote. Ndipo wanafunzi walipomwita Mama Ombwe. Ndani ya chungu hicho alipasha metali moto mpaka ikatoa mvuke, mvuke ukatua juu ya kipande cha shaba, likapatikana tabaka lenye unene wa atomi moja. Tafakarini, ndugu zetu: atomi moja! Kisha aliingiza gesi kidogo, apime ni kiasi gani inang'ang'ania pale juu. Sisi tuliozoea kupima kwa futi na kibaba tulibaki midomo wazi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuizoea ile kazi mpaka alipostaafu.

Mume wake, fundi wa kuchomelea, aliitwa siku chungu kilipovuja. Alipomaliza, marehemu alipuliza gesi ya heliamu kwenye kila mshono akitafuta pa kupenya, asipate. Alimwambia mdogo wake kwamba fundi wa namna hiyo haachwi aende zake. Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1981.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Januari 1984. Alikuwa ametandaza metali ya paladiamu juu ya shaba, akakuta gesi inashika kidogo mno. Aliandika kwamba atomi za paladiamu zimezama na kuchanganyika na shaba, pale juu tu. Hakuna aliyewahi kuliona hilo, na makala yake ilikwisha kutumwa kwa jarida. Halafu akafungua chungu, akaona doa la kidole gumba limeungulia kwenye kishikizo cha kile kipande cha shaba. Humo ndani hapaguswi kwa mkono mtupu, maana mafuta ya kidole hutoa gesi kwa majuma na kuharibu kila kipimo. Kidole kilikuwa chake. Alikuwa na mimba ya miezi saba, vidole vimevimba, glavu hazikuingia. Mkuu wa maabara alimshauri alisafishe doa na anyamaze, kwani nani angejua?

"Nitajua mimi," alijibu, akaiondoa makala.

Alianza upya, akakioka chungu siku kwa siku kitoe uchafu wote. Binti yake alizaliwa tarehe 30 Machi. Novemba jibu likaja, lile lile: atomi zilikuwa zimechanganyika kweli. Lakini Agosti watu wengine walikwisha kulichapisha. Mvumilivu hula mbivu, ila safari hii mbivu zililiwa na wengine. Mumewe anasema hakunung'unika. Alikaa mbele ya mashine akilia kwa furaha kwamba dunia imeumbwa hivyo.

Mwaka 2020 mapafu yake yalianza kupata makovu. Mwezi uliopita, binti alisikia habari ya lile doa kwa mfanyakazi wa zamani wa maabara aliyekuja kumjulia hali mama yake. Binti aliinama kitandani, akauliza kama ni yeye aliyemponza mama yake. Marehemu alishusha barakoa ya oksijeni.

"Kidole kilikuwa changu, mwanangu. Wewe ulikuwa ndani, hukugusa kitu."

Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2023, saa moja na nusu asubuhi, binti akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mdogo wake anayesoma wasifu huu, wajukuu wawili, na binti mmoja asiye na kosa lolote. Mola ampe pumziko la amani.