Losaline Vakalahi, Aliyezitafutia Sauti Maneno

Marehemu Losaline Vakalahi alizaliwa hapa Kolovai, kisiwani Tongatapu, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mzee Semisi na mama Kalolaine, aliyekuwa fundi wa kutwanga magome ya kutengenezea vitambaa. Alisoma shule ya kijiji, kisha shule ya wasichana mjini Nuku'alofa, na mwaka 1972 akarudi kufundisha hapa hapa hadi alipostaafu mwaka 2006.

Lakini kilichomkosesha usingizi ni hadithi. Aliandika vitabu vitano, na hakuna mlango uliofungwa humo ambao yeye hakuufunga kwanza mara kumi, akisikiliza. Mwaka 1975 alifunga ndoa na Paea, aliyezoea kulalamika, "Nikikohoa haniulizi kama naumwa. Ananiambia, hebu kohoa tena!"

Mwaka 2015 homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi kabisa, kitabu cha sita kikiwa nusu. Alilia siku tatu. Mwenye sikio kama lake alikuwa mmoja tu, mdogo wake Folau. Ila kwetu kaka na dada wakishakua hawaketi chumba kimoja, ndiyo heshima. Basi Folau, ili amsaidie kutafuta sauti, akawa anasimama nje ya chumba chake, na mkewe Pisila, anayewasomea maneno haya, akawa mjumbe wa karatasi.

"Dada yako kaandika mvua juu ya bati ni pa-pa-pa."

"Mwambie hayo ni manyunyu! Mvua kubwa ni shwaaa. Kasahau huyu?"

Losaline alisoma, akacheka. "Wifi, kamwambie mimi ndiye niliyemfundisha kusoma!" Kisha akafuta, akaandika shwaaa.

Sauti moja iliwashinda: nyundo ya mama yao, siku alizotwanga peke yake baada ya baba kufariki. Folau kila mara alisema, "Mwambie bado." Kitabuni pakaachwa nafasi.

Mwaka jana figo zilianza kushindwa. Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, Folau aliingia chumbani kwa dada yake, mara ya kwanza tangu ujana wao. Akamshika mkono, akamgongea kiganjani polepole, kama mama alivyotwanga. Losaline akaitikia kwa kichwa. Akaomba kalamu. Pisila alihangaika kuitafuta, na alipoipata, wifi yake alikuwa ameshaondoka. Hilo linamuuma hadi leo.

Ameacha mume, Paea, mabinti wawili, 'Alisi na Lupe, wajukuu wanne, na Folau.

Mungu ampumzishe kwa amani, na amrudishie masikio yake.