Mguu wa Zakariya Wavunja Adabu ya Baraza

Ukitaka kujua matabibu walivyojaa Mji wa Kale, keti alasiri kwenye baraza ya kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, useme kichwa chakuuma. Kichwa tu! Utaondoka na magonjwa ambayo hukuja nayo. Hapo utamkuta Kapteni, ambaye chombo pekee alichowahi kukiendesha ni mkokoteni. Habasoda, muuza mafuta ya kila mbegu. Na Kitsao, bawabu wa mahakamani, waliyemwita Jaji kwa kuwa hukumu zake hazina rufaa. Siku hiyo akaja Zakariya mpika halua, anachechemea. Akaegemea ukuta, akavua kiatu, akaupandisha mguu wa kushoto juu ya debe. Unyayo ukawatazama wenzake usoni.

— Zakariya, — Kapteni akakitua kikombe cha kahawa, — hapa ni barazani au wodini? Watuonyesha nyayo?

— Niwieni radhi. Daktari ameniambia nikikaa niuinue. — Akakivuta kikoi juu kidogo. Mishipa ilikuwa imejisokota kwenye shavu la mguu, na karibu na kifundo ngozi imekuwa nyeusi, nyembamba. — Asema mishipa ina vilango, vyazuia damu isirudi chini. Vyangu vimelegea kwa kusimama. Damu yatuama huku chini.

— Vilango! — Kapteni akacheka mpaka akakohoa. — Jaji, changamka, kazi ya ubawabu hiyo!

Zakariya akatabasamu kwa shida. Tangu ujana wake asimama mbele ya sufuria la shaba, anakoroga, na saa hii ya kahawa ndiyo starehe yake ya pekee. Aliwajua wenzake kuwa wapuuzi, lakini hakuwa na wengine.

— Ni ile halua, — Habasoda akaanza. — Mvuke wa sukari wamwingia kwa vinyweleo, damu imekuwa sharubati. Wahenga hawakukosea: damu nzito kuliko maji. Sasa nzito vile, itapandaje?

— Toka hapo! — Jaji akamkata. — Nyumba anayopikia ina kisima cha kale, na kisima chafuata bahari. Maji yakijaa, mguu wajaa. Muulize kama haumuumi zaidi siku za bamvua.

— Waniuma kila siku, — Zakariya akasema.

— Waona? Na bamvua imo humo humo!

— Na dawa alikupa gani huyo daktari wako? — Kapteni akauliza.

— Soksi ya kubana, nivae mchana kutwa. Halafu nina siku yangu ya kwenda kuzibwa mshipa mbovu, wautia waya mwembamba, wauchoma kwa ndani. Damu itapita kwenye mishipa mizima.

— Soksi! Mwanamume na ndevu zake avaa soksi ya kubana kama bibi harusi! Na wakishakuziba, damu ikikosa njia itakwenda wapi? Itakupanda kichwani, uanze kutukana watu sokoni.

Wakacheka wote. Zakariya akatia mkono mfukoni, akaisukuma soksi chini zaidi. Alikuwa ameivua pale kwenye kona ya msikiti, wasije wakaiona.

— Daktari amenionya, — akasema polepole. — Ngozi hii ikipasuka, damu itatoka nyingi.

— Sikiliza, ndugu yangu, — Kapteni akasema. — Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Damu yarudi chini kwa sababu chini ndiko kwao. Na mguu una mahali pake pia. Uteremshe, bwana, tu watu wazima hapa.

Akauteremsha. Mtu mwenye wajukuu, mwenye maneno ya daktari masikioni, akauteremsha kwa kumstahi mwendesha mkokoteni!

Mabishano yakaendelea. Mguu ukamuwasha, naye akaukuna kwa kisigino cha pili. Akahisi majimaji ya moto. Kutazama, damu inachuruzika kwenye kifundo, inatambaa juu ya jiwe.

— Tia habasoda! — akapiga kelele Habasoda.

— Machicha ya kahawa! — Jaji naye.

— Mfungeni kamba pajani!

Walivyokuwa hodari wa kusema, hakuna aliyemgusa. Kila mmoja alishughulika kuikusanya nguo yake isipate doa.

— Wenzangu, — Zakariya akasema, uso umemparama, — naona kizunguzungu.

Ndipo akatokea Mejumaa, mkewe, anatoka sokoni na kikapu.

— Yaillahi! — Kikapu akakibwaga, viazi vikatawanyika. Salamu hakutoa. Akamlaza mumewe chali juu ya baraza, akaunyakua ule mguu, kisigino akakitweka begani mwa Kapteni. — Shika hapo! Usiushushe!

— Lakini shemeji...

— Shika!

Akaikunja leso yake, akaikandamiza penye damu kwa viganja viwili. Akazidi kukaza, jasho linamtoka. Damu ikapungua, mwisho ikakatika. Zakariya akafumba macho, machozi yakamtoka kwa aibu na kwa uchungu. Mejumaa akainua kichwa, mikono bado imekaza.

— Daktari alisema mbele yangu mguu ukae juu. Huyu katoka nyumbani hajambo, aja kupumzika kwa rafiki zake. Nani kamwambia aushushe?

Habasoda akainama kuokota viazi. Jaji akasema aenda kuita tuktuk, na kabla hajajibiwa ameshapotea. Kapteni akabaki palepale, unyayo wa mpika halua umemkaa shavuni, asijue auangalie ukuta au amwangalie mwenye mguu.